Mimba ya Kogo Hulda

Kati ya wanawake wote waliowahi kuwa waja wazito huku Uasin Gishu, hakuna aliyebeba mimba kwa madaha kama Kogo Hulda, na hakuna mwingine aliyeibeba akiwa na miaka sitini na mitatu. Wapo wanaosema ilikuwa sitini tu. Hao hawakuwepo, na hata wangekuwepo hawangejua, maana Hulda alizaliwa mwaka ambao nzige walikula mpaka paa za nyumba, na nzige hawaachi cheti.

Kogo ni nyanya, na Hulda alikuwa nyanya wa kila mtu kabla hajapata mjukuu hata mmoja. Alikuwa mfupi, mwenye masikio yaliyotobolewa zamani yakaning'inia karibu na mabega. Akiwa na haraka aliyakunjia juu, kama mtu anayekunja mikono ya shati. Shule hakuijua. Miaka ishirini na moja alipiga siagi jikoni kwa Kaburu mmoja wa Kapseret ambaye watu walimwita Bwana Ndevu, na kwa miaka yote hiyo alijifunza maneno matatu ya Kikaburu, yote ya kufukuzia mbwa. Mumewe alikufa mapema. Akabaki na kijana mmoja, Kiprono, aliyeandikwa kazi ya reli akapelekwa mbali, upande wa Uganda, kuinulia treni bendera. Kabla ya kwenda, Kiprono alioa, akamwachia mama yake mke aitwaye Jepkosgei: msichana mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Hulda akapata mtu wa kumdanganya kila siku naye akafurahi kudanganywa. Ukitaka kujua walipendanaje, ndivyo walivyopendana.

Uhuru ulipokuja, Bwana Ndevu alipakia mbwa wake kwenye gari, akamsahau mkewe, akarudi kumchukua, wakaenda zao kusini. Vibarua wake wakauza ng'ombe, wakaungana, wakalinunua shamba alilowatumikisha. Wakachagua kamati. Kamati ilikuwa na watu kumi na mmoja na kofia tisa. Mwenyekiti alikuwa Kipyego, ambaye aliikuta koti ya mvua ya Bwana Ndevu kwenye msumari wa veranda, akaivaa, na tangu siku hiyo hakuivua, jua liwake, mvua inyeshe.

Zamani za Bwana Ndevu shamba lile lilikuwa na amri tano. Watu walipojitawala wakapata amri thelathini na mbili. Ilikuwa marufuku kupiga mluzi karibu na ofisi. Ilikuwa marufuku mbuzi kuvuka mpaka, na mbuzi wakaonywa, ingawa mpaka wenyewe ulikuwa haujapimwa. Lakini amri iliyouma ni ile ya ishirini na tisa: mwanachama lazima akae kwenye ploti yake mpaka afisa wa mashamba atoke Nairobi aje atie alama kwenye orodha. Akikosekana, ploti inarudi kwa kamati. Kama mume ana kazi ya mbali, mkewe atahesabiwa. Wazee hawahesabiwi.

"Mzee ni mgeni," Kipyego alieleza kwenye mkutano. "Anaweza kuondoka saa yoyote."

Wazee wakapiga makofi, kwa sababu hawakuwa wamesikia vizuri.

Ploti ziligawanywa kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia. Kiprono aliokota namba saba, yenye chemchemi isiyokauka hata Januari. Ndugu yake Kipyego aliokota kumi na tisa, yenye mawe matupu. Kuanzia siku ile Kipyego akaipenda sana amri ya ishirini na tisa, na alipopita namba saba alitembea polepole, kama mtu anayepima kitanda dukani.

Jepkosgei na Hulda wakajenga nyumba ya udongo hapo, na Jepkosgei akawa na mimba. Alipofika mwezi wa tano akaanza kupumzika njiani. Kutoka chemchemi mpaka mlangoni ni hatua mia mbili, naye alikaa chini mara tatu, debe kando, mdomo wazi. Midomo ikawa na rangi ya mtu aliyekula zambarau. Akaanza kukohoa. Akilala chali alihisi kama amekaliwa kifuani, kwa hiyo akawa analala ameketi, ameegemea gunia la mahindi.

Majirani hawakukosa la kusema. Wengine walisema ni mapacha. Wengine walisema ni kifua kikuu, wakaanza kusalimu wakiwa mbali. Wengi walisema ni uvivu. Kamati ilikaa saa nzima na nusu kujadili kama kupumzika ni njia ya kuondoka kwenye ploti kidogo kidogo, kisha ikatoa amri ya thelathini na tatu: marufuku kukaa chini kwenye njia ya maji.

Hulda hakubishana. Kesho yake alibingirisha mawe matatu makubwa akayapanga njiani, pale pale Jepkosgei alipochokea. Jiwe moja alisema alilibeba kwa kichwa kutoka mto Sosiani. Hatukumwuliza sana.

"Sasa unakalia jiwe," alimwambia Jepkosgei. "Waandike amri ya mawe."

Jepkosgei alicheka, na kicheko kikakatika katikati akatafuta pumzi. Hulda aliona. Alikunja sikio la kushoto, kisha la kulia, na hakusema uongo wowote mpaka jioni.

Aliyesema ukweli ni Osman. Huyu alikuwa Msomali mwenye lori lililochukua makopo ya krimu kupeleka mjini kila Jumanne na Ijumaa. Alimkuta Jepkosgei kwenye jiwe la pili.

"Mama Hulda," alisema, "huyu msichana anapumua kama lori langu likipanda mlima. Lori langu napeleka kwa fundi. Huyu wewe unangoja nini?"

"Nangoja Ijumaa."

"Leo ni Jumanne. Pandeni."

Hospitalini daktari alikuwa Mhindi kijana mwenye miwani. Aliweka mpira wake kwenye kifua cha Jepkosgei, akasikiliza kwa muda ambao ungemtosha Hulda kupiga siagi ratili moja. Kisha akauliza, na nesi akatafsiri. Nesi huyo aliitwa Namalwa, mama mnene wa kutoka Bungoma.

"Daktari anauliza, ulipokuwa mtoto uliwahi kuvimba viungo?"

Jepkosgei alikumbuka. Alipokuwa na miaka kumi, wakikamua alfajiri kwenye zizi la Kaburu, alishikwa na koo. Koo likapona, magoti yakavimba. Magoti yakapona, viwiko vikavimba. Ugonjwa ulizunguka mwilini kama mgeni anayetafuta pa kulala. Wakampaka mafuta ya kondoo ukaenda.

"Haukwenda," Namalwa alisema. "Ulihamia moyoni."

Daktari alitaka kuchora. Namalwa akamnyang'anya kalamu.

"Daktari, hawa ni watu wa ng'ombe, wacha mimi. Mama, unajua josho? Ng'ombe wanapita kwa geti nyembamba, mmoja mmoja, kwenda kwa dawa. Sasa moyo una mageti, yanafunguka na kufunga. Ule ugonjwa wa koo ulifanya geti moja la huyu msichana likauke, likashikana, halifunguki vizuri. Kabla ya mimba ng'ombe walikuwa ishirini, walipita kwa taabu lakini walipita. Mimba ikija, damu inaongezeka. Ng'ombe wamekuwa thelathini. Geti ni lile lile. Wale wengine wanakwama nyuma wanasukumana. Na nyuma ya geti hilo ni mapafu. Ndiyo maana anazama akilala. Ni maji."

Hulda alielewa papo hapo, kwa sababu aliwahi kuona ndama akikanyagwa kwenye josho. Hakupenda kukumbuka.

"Na akizaa?" aliuliza.

"Akizaa huku kwetu, daktari atasaidia kumtoa mtoto haraka, asisukume mpaka achoke. Akizaa huko Kapseret kwenye ngozi ya ng'ombe, Mama, jitayarishe kuzika. Abaki hapa. Kitanda, mito mgongoni, chakula bila chumvi, dawa ya kutoa maji, asibebe hata kikombe. Mpaka siku yake."

"Wiki ngapi?"

"Nane. Labda tisa."

Jepkosgei alishuka kitandani akaanza kutafuta viatu vyake. "Siwezi. Afisa akija nisipokuwepo ploti imekwenda. Kiprono aliuza ng'ombe wote watano, Mama. Atarudi kutoka reli akute nini? Nitalala pale nikiwa nimekaa. Nimezoea."

"Ploti itakuzika," Namalwa alisema.

"Basi nizikwe kwetu."

Hulda alimvua kiatu kimoja alichokuwa amevaa, akakitia chini ya kwapa lake. "Wewe utabaki hapa. Jepkosgei atarudi nyumbani na lori la Osman."

"Jepkosgei gani?"

"Mimi."

Namalwa aliangalia yale masikio, zile mvi, na ule mdomo wenye meno ya kuhesabika. Akaenda kusimama dirishani, mabega yakimtikisika.

Basi Hulda alirudi, na karibu na Kapseret alimwomba Osman asimamishe lori. Alishuka, akaenda nyuma ya mti, akarudi na tumbo. Lilikuwa kibuyu kikubwa cha maziwa lala alichokwenda nacho hospitalini, kimefungwa na kitambaa cha kitanda, na shuka juu yake. Alikuwa amempa Namalwa maziwa hayo kama zawadi, na Namalwa akamrudishia, akisema asante, lakini lile tumbo la nyumbani linayahitaji zaidi.

Osman aliangalia barabara. "Mama, mimi ni mfanyabiashara. Sijaona kitu."

"Ukisaidia mja mzito kushuka utapata thawabu."

Akashushwa kama yai.

Kipyego alipata habari kabla Hulda hajafika mlangoni. Na sasa ndipo wengine huuliza, mbona hakwenda tu kumfichua? Wanaouliza hivyo hawajaoa kwetu. Mary, mke wa Kipyego, alizaliwa na dada yake Hulda wa tumbo moja, na kwa mila dada ya mama ni mama. Kwa hiyo Hulda alikuwa mkwe wake Kipyego kamili. Mwanamume hamtazami mkwe wake usoni. Hataji jina lake. Haingii mahali alipolala. Wakikutana njiani mmoja hupita vichakani. Sasa uniambie, atasimama vipi mbele ya watu azungumzie tumbo lake?

Kipyego alijaribu kutuma wenzake. Lakini ukoo wa Hulda una mabinti wengi na wazuri. Kati ya kamati ya watu kumi na mmoja, sita walikuwa wameoa huko. Watano waliobaki walikuwa wanatarajia.

Wiki saba Hulda alibeba mimba. Alitembea ameshika kiuno. Alitamani vitu: udongo, ini la kondoo, na mara moja aliwaambia majirani kwamba anatamani koti ya mvua. Kila Jumanne na Ijumaa Osman alileta habari: amepungua uvimbe, analala sasa, analalamika chakula hakina chumvi. Hulda alicheka akisikia analalamika. Aliposikia siku moja kwamba hakulalamika, hakula.

Afisa alikuja siku ya Ijumaa, na alikuja siku mbaya. Asubuhi hiyo Osman aligeuza lori mlangoni bila kuzima injini.

"Imeanza, Mama. Namalwa anasema uje. Panda."

Hulda alikuwa ameshika ubao wa lori, mguu mmoja juu, alipoona vumbi la Land Rover ya serikali likipanda kutoka upande wa ofisi, na koti ya mvua ikikimbia nyuma yake. Alisimama hivyo, mguu juu, mguu chini. Akipanda, Jepkosgei atakuwa na mtu wa kumshika mkono, na mtoto hatakuwa na pa kuletwa. Alishusha mguu.

"Enda," alimwambia Osman. "Mwambie niko njiani. Mwambie hivyo hata kama si kweli."

Akaingia ndani, akajaza kibuyu, akakifunga tumboni, akalala.

Afisa alikuwa kijana msafi wa kutoka mbali, mwenye kaptula ya kaki na kalamu nne mfukoni. Aliinama akaingia. Kipyego alibaki nje, amegeukia shamba la mahindi.

"Jepkosgei, mke wa Kiprono?"

"Ndiye mimi, afisa."

Alisoma karatasi. "Hapa pameandikwa miaka ishirini na minne."

"Itatimia Desemba."

"Na hizo mvi?"

"Moshi. Nyumba mpya haina dirisha."

"Na meno?"

"Kila mtoto huchukua lake, afisa. Huyu amechukua mengi, nadhani atakuwa wakili."

Afisa aligeuza karatasi kutafuta mahali pa kuandika meno. Fomu haikuwa nayo. Ilikuwa na mahali pa kuandika "mja mzito", na hilo aliliona kwa macho yake. Hata hivyo kitu kilimsumbua. Akaita nje: "Mwenyekiti! Huyu ndiye Jepkosgei?"

"Yule aliye ndani," Kipyego aliyaambia mahindi, "si yule aliyeandikwa."

"Basi ni nani? Mtaje."

Kipyego alikwanyua jani la mahindi.

"Ingia umwonyeshe!"

"Siwezi kuingia, bwana afisa."

"Kwa nini?"

"Kuna... mtu."

"Mtu gani?"

Kipyego alijaribu. Wanasema jasho lilijaa kwenye koti ile mpaka likatoka kwenye mikono. Alitoa sauti kama ya ng'ombe anayetapika, lakini jina halikutoka.

"Huyu mwenyekiti wako hajiwezi," afisa alimwambia Hulda kwa upole. "Ameanza lini?"

"Tangu apate ile koti," Hulda alijibu, na hapo akacheka. Hapo ndipo alipokosea. Maziwa lala hayapendi kutikiswa. Kibuyu kilinguruma. Afisa akarudi nyuma hatua moja. Kifuniko kikaruka, kikagonga paa, na maziwa ya siku tano, yenye rangi ya majivu kwa sababu ya mkaa wa kibuyu, yakamwagika kutoka chini ya shuka mpaka kwenye viatu vya serikali.

"Anazaa!" afisa alipiga kelele. "Mungu wangu, anazaa!"

Kamati nzima iliyokuwa nje ilitawanyika. Kofia tisa zilibaki kwenye nyasi. Kipyego aliruka ua wa ng'ombe bila kugusa mti, na koti ikafunguka nyuma yake kama mabawa. Tangu siku hiyo wapo walioapa kwamba alipaa.

Afisa hakukimbia, na kwa hilo Hulda alimwombea heri mpaka kufa kwake. Alitia alama kwenye orodha, ploti namba saba, yupo, kisha akamwinua mikononi, na kibuyu chake, akampakia kwenye Land Rover.

"Hospitali, haraka!" alimwambia dereva.

"Kwa haraka sana," Hulda alisema, akishika tumbo. "Yaani sana, kijana wangu."

Walilifikia na kulipita lori la Osman kabla ya mji. Osman alikuwa ameona mambo mengi mwaka ule, akainua mkono tu.

Namalwa aliwakuta mlangoni. Afisa alimweleza. Namalwa aliinua shuka, akaona kibuyu, akashusha shuka.

"Umefanya vizuri, afisa. Ungechelewa kidogo tu ingekuwa mambo mengine. Nenda ukaoshe viatu."

Kisha akamshika Hulda mkono kwa nguvu, na uso wake haukuwa wa mzaha tena. "Njoo."

Jepkosgei alikuwa ameketishwa kitandani, mito mgongoni, miguu chini. Midomo ilikuwa ya zambarau tena. Aliiona sura ya Hulda, akaona na kibuyu bado kimening'inia kiunoni, na kitu kilicheza pembeni mwa mdomo wake.

"Ploti?" alisema, kwa pumzi moja.

"Yako. Usiseme. Pumua."

Daktari alitumia vyuma vya kuzalishia, akamtoa mtoto bila kumwacha mama asukume sana. Msichana, mdogo kama sungura, mwenye kelele. Lakini hakuna aliyefurahi, kwa sababu Namalwa alikuwa amemweleza Hulda mapema: mtoto akishatoka, damu iliyokuwa inamlisha hurudi moyoni yote kwa mara moja. Ng'ombe wote, geti moja. Ndiyo saa ya hatari.

Wakamchoma sindano. Wakamwinua zaidi. Hulda alisimama ameshika mguu wa kitanda, masikio yakining'inia wazi, na yeye ambaye aliwahi kumwambia kasisi kwamba alimwona tembo akifua nguo, hakupata hata neno moja la kusema. Alihesabu pumzi za Jepkosgei. Hakujua kuhesabu kupita ishirini, kwa hiyo alifika ishirini akaanza tena, akaanza tena, mpaka Namalwa akamwambia keti, inapungua, sikiliza mwenyewe, inapungua.

Jioni Jepkosgei alifungua macho akaomba chumvi. Hulda akaenda nje akalia nyuma ya tangi la maji.

Kesho yake afisa alikuja na pakiti ya sukari. Alimkuta Hulda kwenye benchi amemshika mtoto.

"Umezaa salama, Mama!"

"Nimezaa salama," Hulda alisema, na huo haukuwa uongo kama mwingine.

Walipoondoka, daktari aliwaambia ukweli. Jepkosgei atakuwa anachomwa sindano kila mwezi. Wataandika jina lake kwa madaktari wa moyo wa Nairobi, labda watalifungua lile geti. Lakini mimba nyingine kabla ya hapo, hapana. Jepkosgei alilia njia nzima kwenye lori, mtoto kifuani.

"Watasema nini, Mama? Mtoto mmoja tu. Kiprono atasema nini?"

"Kiprono nitamwambia mimi. Nilimzaa, ataketi asikilize."

Watu walisema, bila shaka. Mwaka ulipoisha, mbele ya ofisi ya kamati, mke wa katibu aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka Kapsoya: "Sasa mle namba saba, wa pili anakuja lini?"

Kipyego alikuwepo. Aliangalia mbali haraka.

Hulda alikunja sikio la kushoto, kisha la kulia. "Wa pili nimemwanza mimi," alisema kwa sauti kubwa zaidi, akijipapasa tumbo. "Huyu msichana moyo wake ameambiwa upumzike. Za kubeba zilizobaki nitabeba mimi, kibuyu bado ninacho. Mwenyekiti akitaka kuhakikisha, aje apapase."

Koti ya mvua ilikwisha kupita vichakani.

Jepkosgei alikuwa njiani na debe nusu, ameketi kwenye jiwe la pili, mtoto akivuta nyasi miguuni pake. Alisikia. Alicheka mpaka kuku wakaruka, na kicheko kikafika mwisho wake chenyewe.